Damu ya Pini

Siku aliyotoka hospitali, Kifungo alishona mkono wa kulia wa koti mahali pa mkono wa kushoto. Baba yake alilichukua lile koti, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akalirudisha mezani bila kusema neno. Wanaomjua wanajua kwamba kwake yeye kunyamaza ndiko kufoka.

Jina alilopewa baba huyo na wazazi wake lilishasahaulika. Watu walimwita Milimita, tangu siku alipofumua suti nzima ya bwana harusi kwa sababu ya tofauti ambayo bwana harusi mwenyewe, mama mkwe na mpiga picha hawakuiona hata walipoonyeshwa kwa kidole. Binti yake naye alizaliwa mdogo mno, na Milimita alipomtia machoni mara ya kwanza alisema huyu anapita kwenye tundu la kifungo. Basi, jina likaganda. Kifungo sasa ni mke wa mtu na mama wa mtoto, ana mabega mapana na cherehani yake mwenyewe kwenye duka hilohilo la baba yake, lakini mteja akiingia na kuuliza "Kifungo yupo?" anaitika.

"Umeamkaje leo?" Milimita aliuliza baadaye, akiwa amempa mgongo.

"Salama, baba."

"Koti halisemi hivyo."

Kifungo akaanza kufumua ule mkono, uzi baada ya uzi.

Mambo yalianzia kwa binamu yake, binti wa shangazi, ambaye aliugua saratani ya titi akiwa bado kijana. Madaktari wakampima damu, wakaona kwamba ana kitu cha kurithi, wakamwambia ndugu wa damu nao waje. Kifungo alikwenda kwa ajili ya kumpa moyo mgonjwa, si zaidi. Milimita alicheka aliposikia. "Nenda tu, usimvunje moyo. Lakini wewe binti yangu mimi, si binti wa shangazi yako. Mimi nina matiti?"

Na hakuwa peke yake kwa hilo. Ukoo mzima uliamini hivyo. Bibi yake Kifungo alikufa kwa kile walichokiita jipu la kifuani, na miaka mingi baadaye shangazi naye akafuata. Wakasema ni ugonjwa wa kina mama, unashuka kwa kina mama, ukikutana na mwanaume unagonga ukuta. Siku ya kumzika shangazi, Milimita alisimama kando ya kaburi la dada yake akasema mbele ya watu: "Kwangu haupiti. Sina titi la kuupitisha. Umeishia hapa." Alilisema tena mara nyingi baada ya hapo, hata pasipo mtu aliyeuliza. Ndiyo ilikuwa faraja yake, naye aliishika kwa mikono miwili.

Sasa Kifungo alikuwa ametoka kukaa kwenye kile chumba kidogo cha hospitali, mbele ya mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya upole, ambaye kazi yake ni kuzungumza na watu kuhusu magonjwa ya kurithi. Mshauri yule alianza kwa kumuuliza kama amekula. Hapo hapo Kifungo akajua mambo yameharibika. Mtu mwenye habari njema haulizi kama umekula.

"Ndani ya mwili wako kuna maelekezo ya jinsi ya kuujenga na kuurekebisha," mshauri alisema. "Ndizo jeni. Kila moja unayo mara mbili, ya baba na ya mama. Sasa kuna jeni ambayo kazi yake ni kuzirekebisha seli zikiharibika. Wewe, moja yako ina hitilafu."

"Yaani fundi wa viraka amelala."

Mshauri akatabasamu kidogo. "Mmoja amelala, ndiyo. Mwenzake bado yuko kazini. Lakini ikitokea na yeye akaharibika, kwenye seli fulani, seli ile inakosa wa kuirekebisha. Hapo ndipo saratani inaweza kuanza. Nisikilize vizuri, dada. Sijasema una saratani. Nimesema hatari yako iko juu kuliko ya wengine. Wapo wanaozeeka nayo bila kuugua."

Akaendelea kumweleza kuhusu picha za kila mwaka, kuhusu ovari ambazo nazo ni za kuangaliwa, kuhusu wanawake wanaochagua kufanyiwa upasuaji mapema na wanaochagua kusubiri na kufuatiliwa. Alisema hakuna anayemkimbiza kuamua leo. Kifungo alikuwa ameshapotea njiani.

"Na mtoto wangu?"

"Wa kike?"

"Wa kike."

"Nusu kwa nusu. Anaweza kuwa nayo, anaweza asiwe nayo. Ila hatumpimi sasa. Akishakuwa mtu mzima, ataamua mwenyewe."

Kuanzia hapo Kifungo hakuona kitu zaidi ya binti yake, meno mawili ya mbele yakiwa yameng'oka, akicheka. Mshauri akauliza kuhusu baba. Kifungo akajibu baba mzima, tena ni mwanaume.

"Ndiyo maana nauliza. Hii yako ni ileile ya binamu yako, na mama yake binamu yako ni dada wa baba yako. Haikuruka hewani. Imepitia kwake. Na mwanaume ana nyama ya titi, kidogo lakini anayo. Akiona uvimbe, chuchu imeingia ndani, au inatoa majimaji au damu, asikae nayo. Na tezi dume nayo ipimwe. Mwambie aje."

Neno damu lilimpitia sikioni likatokea upande wa pili. Aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akasahau mwavuli wake chini ya kiti.

Maji hufuata mkondo, wanasema wahenga. Na mkondo huu ulipita kwa mtu aliyesimama kaburini akaapa kwamba umekauka. Kifungo angeanzaje kumwambia? Kumwambia Milimita kwamba amekosea kipimo ilikuwa shida tosha kwenye suruali, sembuse kwenye hili. Aliogopa uso wake. Aliogopa hasa ile dakika baba atakapoelewa kwamba kilichomuua mama yake na dada yake amekipitisha yeye, kwa mtoto wake wa pekee, na pengine kwa mjukuu.

Mume wake, ambaye ni dereva wa malori ya masafa, alimpigia simu akiwa njiani.

"Umeshamwambia mzee?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Tukimaliza sare za kwaya."

Sare za kwaya zikaisha. Yakaja mapazia ya ofisi fulani. Mapazia nayo yakaisha, na kila ofisi mjini ingeagiza mapazia Kifungo angefurahi. Huku nyuma hofu ilikuwa inamla. Kila alipokwenda nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, kuchukua uzi au kutundika gauni, alijipapasa kifua haraka haraka kama mwizi. Na kila alipojipapasa alipata kitu. Leo hapa, kesho pale. Mara mbavu, mara nyama tu iliyochoka. Alipowapima wanawake kifua kwa futi, alisoma namba mara mbili mbili, na mteja mmoja akamuuliza kama amemwona mzito kiasi hicho. Usiku alilala kwa tumbo ili asijiguse.

Milimita aliyaona yote hayo, maana haachi kuona. Alidhani ni mambo ya ndoa, akamwachia nafasi kwa adabu.

Asubuhi moja ya siku ya mapumziko, Kifungo alikwenda kumsalimia mama yake. Alimkuta uani, mbele ya beseni, anasugua shati jeupe kwa sabuni ya kipande na maji baridi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo unione ninavyoteseka. Baba yako atanimaliza. Mtu gani anajichoma kila siku ya Mungu? Uzee umemwingia machoni, hataki kukubali."

Kifungo akacheka. Hayo malalamiko alikua akiyasikia. Tangu ana akili zake, mashati ya baba yake yalikuwa na vidoa vya damu upande wa kushoto, juu ya mfuko, kwa sababu pale ndipo Milimita alipochomeka pini zake. Alizipanga safu kwa safu kifuani, na wakati anamfanyia mteja kazi, mkono ulikwenda wenyewe ukachomoa. Watoto wa wateja walikatazwa kumkumbatia. Nyumbani utani ulikuwa kwamba mama ameolewa na nungunungu.

Halafu kicheko kikakatika.

Mwanzoni mwa mwaka, mama huyuhuyu alikuwa amelia na Kifungo kuhusu hayo mashati. Kifungo akachukua vipande vya kitambaa, akajaza pamba, akatia mpira, akamshonea baba yake kimto kidogo cha pini cha kuvaa mkononi, kama saa. Milimita alibeza siku mbili, siku ya tatu akakivaa. Tangu hapo hakukivua ila akienda kulala.

"Mama, shati hili la lini?"

"La jana."

"Na haya mengine?"

"Ya wiki hii. Yote yale yale. Mbona umesimama hivyo? Kaa basi."

Kwenye shati lile doa halikuwa juu ya mfuko. Lilikuwa nyuma ya mfuko, upande wa ndani, na lilikuwa limeanzia kwenye ngozi likaja nje. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua tofauti ya doa linaloingia na doa linalotoka. Neno la mshauri likarudi, lile lililompita, safari hii likakaa.

Akalichukua shati likiwa limelowa, akalitia kwenye mfuko wa plastiki. Mama yake akamwita mara mbili, hakugeuka.

Milimita alikuwa dukani hata siku ya mapumziko, kwa sababu nyumbani, alisema, hakuna meza ya maana. Alikuwa amepiga goti anambania mama mmoja pindo la sketi. Kifungo akasimama mlangoni akamwangalia. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, ukachomoa pini, ukabana, ukarudi. Kifuani hapakuwa na pini hata moja. Halafu akaona jambo jingine, ambalo labda aliliona kila siku bila kuliona. Pamoja na joto lote lile, baba yake alikuwa amevaa fulana mbili ndani ya shati.

Mteja alipoondoka, Kifungo akageuza kibao cha mlangoni.

"Nani kafa?" Milimita akauliza.

"Hajafa mtu."

"Basi fungua. Watu wakikuta tumefunga mchana watasema tumefilisika."

"Baba, nataka nikupime."

Milimita akacheka, kicheko chake kikavu cha puani. "Unipime mimi? Vipimo vyangu nilivikata kwenye karatasi kabla hujazaliwa, na sijabadilika. Mganga hajigangi, sawa, lakini fundi anajijua."

Kifungo akatoa shati kwenye mfuko, akalitandaza juu ya meza ya kukatia, upande wa ndani ukiwa juu. Maji yakatiririka kwenye chaki.

Milimita akalitazama. "Pini," alisema.

"Baba. Pini ziko mkononi."

Akashusha macho kwenye kifundo cha mkono wake, kwenye kile kimto alichoshonewa, akabaki hapo. Nje mtu alitikisa kitasa, akasoma kibao, akaenda zake. Milimita alikuwa bado anaangalia mkono.

"Iko moja ndani," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nadhani ilivunjika. Miaka yote hii, lazima moja ingevunjika. Kuna kitu kigumu hapa, kama punje. Nikasema ni ncha ya pini imebaki kwenye nyama. Chuma hakikai mwilini, kitatoka chenyewe. Na kweli naona damu inatoka, nikajua inakaribia."

Kifungo angeweza kucheka, au kupiga kelele. Ni nani mwingine duniani, isipokuwa fundi wa nguo, angejipa jibu la namna hiyo? Mtu wa kazi nyingine angeshtuka. Baba yake alikuwa anangoja pini itoke.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

Mvua zilizopita zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Kifungo akapiga moyo konde. Alikuwa amepanga maneno mengi, ya kuzunguka na ya kubembeleza, na sasa hakukumbuka hata moja.

"Mimi nilipimwa, baba. Kule kwa binamu. Majibu yalitoka. Ninayo. Ile ya shangazi, na ya bibi."

"Wewe?" Milimita akashtuka kweli, akashika ukingo wa meza. "Wewe umeitoa wapi?"

Swali likabaki pale mezani. Kifungo alimwona baba yake akilisikia swali lake mwenyewe, polepole, mpaka lilipofika. Ile ndiyo dakika aliyoiogopa siku zote hizo, na ilikuwa mbaya kama alivyoiwaza. Uso wa Milimita haukukunjamana. Ulilegea tu wote, akawa mzee.

Akakaa kwenye kiti cha cherehani ya binti yake.

"Niliapa kaburini," alisema.

"Nakumbuka."

"Watu wananisikia. Dada yangu ananisikia. Nikasema imeishia kwangu."

"Hukujua, baba. Hakuna aliyejua."

"Kazi yangu ni kupima." Akaanza kulia. Hakulia kwa heshima, machozi mawili na leso. Alilia kwa mabega, kama mtoto aliyepotea sokoni, na Kifungo akalia pia, kwa ajili yake, kwa ajili ya mtoto mwenye pengo la meno, na kwa hasira, maana alikuwa amengoja sare na mapazia huku kitu kile kinakua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na pale dukani walikuwa wamefichana wawili.

"Na mtoto?" Milimita akauliza.

"Bado. Hapimwi mpaka awe mkubwa."

"Lakini inaweza."

"Inaweza. Inaweza pia isiwe."

Milimita akajifuta uso kwa kipande cha bitana. Kisha akasimama katikati ya chumba, mahali palepale wanaposimama wateja, mbele ya kioo kirefu. Akafungua vifungo vya shati, akavua fulana ya kwanza, akavua ya pili. Kati ya fulana hiyo na ngozi alikuwa ameweka kipande cha kitambaa kilichokunjwa vizuri, kimepigwa pindo pande zote nne. Hata cha kufichia damu alikuwa amekishona.

"Nipime," alisema.

Kifungo akasema maneno ambayo baba yake aliwaambia wateja maisha yake yote. "Inua mikono. Pumua kawaida."

Hakuhitaji futi. Chuchu ya kushoto ilikuwa imevutwa ndani, kama kifungo kilichokazwa uzi kupita kiasi. Akaweka vidole. Alikuwa amejipapasa siku zote hizo nyuma ya pazia akipata uvimbe kila mahali, na sasa akajua kwamba yote yale yalikuwa hofu tu, kwa sababu hiki hakikufanana nayo. Kilikuwa kidogo, kigumu, kimeshika. Alikisukuma, hakikusogea.

"Ni pini?" Milimita aliuliza, akiangalia dari.

"Hapana, baba."

Aliendelea kusimama hivyo, mikono juu, mpaka Kifungo alipomshusha mikono.

Kwenye kliniki ya matiti Milimita alivaa suti ya kijivu aliyojishonea, na kwa papara za asubuhi alisahau kuvua kimto cha pini. Benchi zilijaa wanawake. Walimsogezea Kifungo nafasi, wakamtazama kwa huruma, na mama mmoja aliyefunga kilemba akamsifu kwa kuwa na baba wa kumsindikiza. Mama yake Kifungo alikaa upande wa pili, mkoba mapajani. Alikuwa ameyasugua mashati yale yote kwa mikono yake, na alikuwa akiitazama hiyo mikono.

Muuguzi alitoka na karatasi, akasoma jina la ukoo.

Kifungo hakuinuka. Milimita ndiye aliyeinuka, akanyoosha koti.

"Mzee, wameita mgonjwa," yule mama wa kilemba akamnong'oneza.

"Nimesikia, mama."

Yule mama akavuta miguu kumpisha. Milimita akagundua kimto mkononi mwake, akakivua, akampa binti yake. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na Kifungo alipoushika hakutaka kuuachia.

"Nishikie," alisema. "Na usitoroke. Nikitoka, unaingia wewe upimwe. Nitakaa hapa hapa nikungoje."

"Sitoroki."

Akatembea kuelekea mlangoni wima, kama anavyowafundisha mabwana harusi. Daktari alikuwa bado anavuta kiti. Mlango ulipokuwa unafungwa, Kifungo alimwona baba yake, koti bado mwilini, hajaambiwa kitu na mtu, anaanza kuinua mikono.